Paa la Skyliner lililogoma harusini: jibu kwa msomaji wa Chumbageni, Tanga

Swali: Shikamoo fundi. Mjomba wangu marehemu ametuachia Ford Skyliner ya 1957, lile gari ambalo paa lake la chuma linajikunja na kuingia lenyewe ndani ya buti. Alilinunua likiwa gofu, akalikarabati kwa miaka mingi: injini, viti, kromu, mwisho rangi mpya ya bluu na nyeupe. Mwaka wa kwanza baada ya rangi, paa lilifanya kazi vizuri. Mwezi uliopita tulilipeleka harusini Raskazone, nikabonyeza swichi ili bibi harusi aonekane. Mfuniko wa buti ukafunguka, kile kibao cha nyuma ya siti kikanyanyuka, nikasikia "tak", halafu kimya. Paa halikusogea hata kidogo, na manyunyu yameanza. Nilipobonyeza upande wa pili, kibao kikalala na mfuniko ukafunga. Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Fundi wa kwanza amesema pampu ya haidroliki imekufa na haipatikani. Wa pili anataka kulichomelea paa lisimame moja kwa moja. Wa tatu anasema tukate nyaya zote, kila mota iwe na swichi yake. Nimfuate yupi? Na je, ni kweli alivyokuwa akisema mjomba, kwamba hili ndilo gari la kwanza duniani kuwa na paa la namna hii?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mjomba. Usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Paa lako halijafa. Kwa hayo uliyoandika, na hasa kwa hiyo "tak" moja, nina imani kubwa kwamba ugonjwa uko kwenye boliti moja au mbili ndogo, na kwamba ulianza siku ile ile gari lilipopakwa rangi. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha uthibitishe mwenyewe kwa mita ya umeme ya bei rahisi kabla hujatoa hata shilingi moja ya vipuri.

Tuanze na pampu. Skyliner haina pampu. Ukilipekua gari zima hutaona silinda ya kuinulia paa wala bomba la oili linaloliendea. Ndugu yake wa miaka ile, Ford Sunliner, ndiye aliyekuwa na paa la turubai lililoinuliwa kwa oili. Hata Mercedes SLK, zilizoanza kutoka kiwandani 1996, hutumia pampu, na mafundi wetu wengi paa la chuma linalojikunja wamelijua kwenye gari hilo. Simlaumu fundi wako, ila amelipima gari la mjomba kwa kipimo cha gari jingine. La mjomba ni umeme mtupu: mota saba, tatu za kusukuma na nne za kufuli, rilei kumi (swichi zinazowashwa na umeme wenyewe), swichi kumi za kikomo, vikata umeme vinane, na nyaya zenye urefu wa kama mita 186. Ukizitandaza nyaya hizo pale uwanja wa mpira wa Mkwakwani zitatoka goli hadi goli, kisha zirudi mpaka karibu na boksi ulikoanzia. Na ndani ya gari hilo hakuna kompyuta hata moja. Hilo ndilo linalonifanya nilipende kuliko magari yote niliyowahi kuyafungua, maana kila kinachotokea unaweza kukiona kwa macho na kukigusa kwa kidole.

Elewa jinsi linavyofanya kazi, mengine yatajieleza. Fikiria mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa pili haondoki mpaka wa kwanza amkabidhi kijiti mkononi. Unapobonyeza swichi, wa kwanza kuamka ni mota ya kufuli za mfuniko wa buti, ambao kwenye gari hili bawaba zake ziko nyuma, karibu na bampa. Kufuli zikiachia, mota nyingine inazungusha kebo mbili zinazopinda, moja kulia na moja kushoto, na kila kebo inazungusha parafujo ndefu inayousukuma mfuniko juu. Mfuniko ukifika mwisho wake unagusa swichi ndogo ya kikomo. Huko kuguswa ndiko kukabidhi kijiti: swichi inaipa umeme mdogo rilei ya hatua inayofuata, rilei inashika, na umeme mkubwa unapita kwenda kwenye mota ya kibao. Kibao kikisimama, nacho kinagusa swichi yake. Hapo zinaitwa kufuli zinazolishika paa. Zikiachia, paa linainuka, linarudi nyuma, na ule ukingo wake wa mbele, kama sentimita 25, unajikunja kwa chini ili paa lienee ndani ya buti. Kisha mfuniko na kibao vinarudi mahali pake. Shughuli nzima huchukua chini ya dakika moja.

Sasa soma dalili zako kwa mpangilio huo. Mfuniko ulipanda: kwa hiyo betri, swichi ya dashibodi, kufuli za mfuniko na mota yake ni wazima. Kibao kilinyanyuka: naye amekimbia mbio zake. Ukasikia "tak": hiyo ni sauti ya rilei kushika, maana yake kibao kimefika, swichi yake imeguswa na kijiti kimekabidhiwa. Ulipobonyeza upande wa pili vyote vikarudi: njia ya kurudi nayo ni nzima. Amebaki mkimbiaji mmoja, mota za kufuli za paa, ambaye ameitwa kwa jina na hakuondoka.

Mtu aliyeitwa asiondoke ana sababu chache tu. Huenda ndimi za rilei zimeungua, ikawa inashika lakini haipitishi umeme mkubwa. Huenda mota imekwama. Huenda kikata umeme chake kimefungua. Au umeme umefika kwenye mota lakini hauna njia ya kurudi betri. Gari likiwa limekarabatiwa karibuni na kupakwa rangi upya, mimi huanza na hii ya mwisho, na mara nyingi siendi zaidi ya hapo.

Umeme unaokwenda ni lazima urudi. Kwenye gari waya wa kwendea upo, unauona, una rangi yake. Njia ya kurudi ni chuma cha gari chenyewe, tunaita ethi: waya mfupi unatoka kwenye mota, unafungwa kwa boliti kwenye bodi, na bodi inaupeleka umeme hadi upande wa hasi wa betri. Sasa mpaka rangi akifanya kazi yake vizuri anaivua bodi mpaka chuma cheupe, anapiga praima, anapiga rangi mikono miwili mitatu, anamalizia na lakka. Analipaka gari ndani na nje, buti lote, mpaka kwenye matundu ya boliti. Anayefuata anarudisha mota, anafunga ule waya wa ethi juu ya rangi ile inayong'aa, anakaza boliti. Kwa macho hakuna kosa. Lakini rangi haipitishi umeme. Umeme unapenya kwa zile meno za boliti peke yake, pale rangi ilipokwaruzika wakati wa kukaza, sehemu nyembamba kama uzi. Mwaka wa kwanza uzi huo unatosha. Kisha upepo wa bahari wa Tanga unaingia na chumvi yake, meno ya boliti yanaota kutu, na uzi unakatika. Ndiyo maana paa la mjomba lilifanya kazi mwaka mzima baada ya rangi, kisha likagoma.

Hili nililijifunza kwa shida. Nikiwa kijana nilifanya kazi Mombasa, na kwenye gereji niliyokuwepo liliingia gari kama hili lako, limekarabatiwa likang'aa, paa limegoma. Wiki tatu nilihangaika na rilei. Nilizifungua, nikasafisha ndimi zake, mbili nikabadilisha, na paa halikuondoka. Siku moja, nikiwa nimeushika mfuniko kwa mkono mmoja, bisibisi ya mkono wa pili ikagusa kwa bahati ganda la mota na bawaba ya chuma kitupu kwa wakati mmoja. Mota ikaunguruma. Nilipofungua boliti ya ethi nikaikuta teminali ya shaba imekaa juu ya rangi nyekundu safi, imeacha alama ya duara, na ndani ya duara hakuna hata mkwaruzo mmoja uliofika kwenye chuma. Chini ya kichwa cha boliti palikuwa na unga wa kijani. Nilisugua kwa msasa eneo lisilozidi sarafu, nikafunga, na paa likaenda.

Sasa fanya hivi. Weka gari mahali tambarare, tairi zote nne chini, lisiwe limepanda ukingo wa barabara hata upande mmoja. Bodi ikijipinda kidogo tu, kufuli hazikai sawa na utadhani umeme ndio mbaya. Washa injini, gia iwe nyutro, breki ya mkono juu, na mwenzako akanyage mafuta kidogo ili injini izunguke haraka zaidi ya silensa, yaani mzunguko wake wa chini usipokanyaga mafuta. Gari hili lina dinamo, halina altaneta, na dinamo kwenye silensa haichaji karibu chochote. Watu wengi hufungua paa injini ikiwa imezimwa, betri peke yake ikibeba mzigo wote, kisha wanashangaa.

Kabla ya injini lakini, pima betri ikiwa imetulia. Inatakiwa isome volti 12.6 hivi. Halafu washa injini, ipime tena mwenzako akiwa amebonyeza swichi ya paa. Ikishuka chini ya 11, tatizo lako la kwanza ni betri au vichwa vyake, malizana nalo kabla ya lingine. Ikibaki juu, nenda nyuma. Toa kapeti na vifuniko vya pembeni ndani ya buti mpaka uzione mota na nyaya zake.

Mita iweke kwenye volti za betri. Waya mweusi wa mita urefushe kwa kipande cha waya mpaka ufike kwenye kichwa hasi cha betri kule mbele, ushike kwenye kichwa chenyewe, siyo kwenye bodi. Waya mwekundu uguse ganda la mota ya kufuli iliyogoma. Mwenzako abonyeze swichi mpaka mfuniko na kibao vipande na ile "tak" isikike. Tazama mita wakati huo huo. Ethi nzima husoma karibu na sifuri, volti 0.2 au chini yake. Ikizidi nusu volti, ethi inaumwa. Ikisoma kumi au zaidi, ethi haipo kabisa: umeme umefika kwenye mota na umesimama mlangoni hauna pa kutokea. Uthibitisho wa mwisho ni kuchukua kebo nene, ile ya kuamshia gari kwa betri ya gari jingine, ukaunga kichwa hasi cha betri na ganda la mota, kisha ukabonyeza tena. Paa likiamka, umempata mwizi.

Kama mita itasoma sifuri, usikate tamaa. Hamishia waya mwekundu kwenye teminali ya umeme unaoingia kwenye mota. Hapo ukikuta volti 12 na mota haizunguki, mota yenyewe imekwama au brashi zake zimekwisha, na inafunguliwa kama stata yoyote. Ukikuta hakuna kitu, rudi nyuma hatua moja, kwenye rilei na kikata umeme. Weka kidole juu ya rilei moja moja wakati wa kubonyeza, utaihisi inayoruka. Na kama hakuna hata moja inayoruka, basi ile "tak" niliyoitegemea ilikuwa ya kibao kugonga mwisho wake, na swichi ya kikomo ya kibao ndiyo ya kuitazama: ama imekauka, ama imesogezwa na watu wa rangi ikawa haiguswi. Mara nyingi ni suala la kuisogeza milimita mbili. Iwekee alama ya penseli ilipokuwa kabla hujailegeza.

Jihadhari na mikono. Paa likigoma, achia swichi. Usiendelee kubonyeza ukidhani unalilazimisha. Kikata umeme kilichopata joto kinapopoa kinaweza kurudi chenyewe, mota ikaanza ghafla kidole chako kikiwa kwenye parafujo. Ukitaka kuingiza mkono, toa waya wa betri kwanza, na mfuniko uwekee mti wa kuuzuia. Watoto wakae mbali kabisa.

Ukishaipata ethi mbaya, usiishie kwenye moja. Boliti zote za ethi za mfumo huu zilifungwa na mtu mmoja, juu ya rangi moja, wiki moja. Zifungue zote. Sugua kwa msasa chini ya teminali mpaka chuma king'ae, eneo dogo tu lisionekane nje. Sugua na teminali yenyewe. Weka washa yenye meno ili iume chuma, kaza, kisha ndipo upake grisi au vaselini juu yake kuzuia hewa ya chumvi. Vaselini ikitangulia chini, umerudisha kizuizi kile kile. Mimi huongeza waya mmoja mnene wa ethi kutoka kwenye chesisi hadi kwenye bodi karibu na buti, kwa sababu kwenye Ford hii bodi imekaa juu ya chesisi kwa mipira, na umeme haupendi kupita kwenye mpira. Waya huo hauonekani, na ni bei ya chai ya asubuhi.

Ukiwa hapo hapo, simama nyuma ya gari utazame mfuniko unavyopanda. Pembe ya kulia na ya kushoto zinatakiwa ziende sawa. Upande mmoja ukitangulia hata upana wa vidole viwili, achia swichi mara moja: kebo ya upande mmoja inateleza au imekatika, parafujo moja inasukuma na nyingine imelala, na chuma cha mfuniko kitapinda kama bati. Kupinda huko hakunyooshwi kirahisi.

Sasa nizungumzie kulichomelea. Naomba kwa dhati usikubali. Ukilichomelea utabaki na mota saba, parafujo na vyuma vyake vyote ndani ya buti bila kazi, na buti lisilobeba mzigo. Maana hata siku ya kwanza gari hili halikuwa na buti la kubebea: paa likiwa ndani, begi ni lile tu linaloingia kwenye kasha dogo la katikati. Gari zima lina karibu tani moja na robo tatu, na sehemu kubwa ya uzito wa ziada ni huo mtambo. Tangi la mafuta nalo wahandisi walilihamisha, wakalisimamisha nyuma ya siti ya nyuma ili paa lipate nafasi. Fikiri cheche za welda mahali hapo, karibu na nyaya zenye umri huo.

La fundi wa tatu linavutia kwa sababu linaonekana rahisi, na limefanywa kwenye magari mengi. Swichi saba, kila mota unaiamuru mwenyewe. Lakini kumbuka vijiti. Zile swichi za kikomo ndizo zinazolizuia paa lisianze kurudi kabla mfuniko haujapanda, na mfuniko usishuke paa likiwa hewani. Ukiziondoa, ulinzi wote unabaki kwenye kumbukumbu ya dereva, usiku, harusini, ngoma inapigwa, watu wamekuzunguka wanapiga picha. Siku atakapokosea swichi moja, kioo cha nyuma kitakuwa cha kwanza kuondoka, kwa sababu kiko ndani ya paa lenyewe.

Kuhusu kuwa la kwanza duniani, mjomba alikuwa karibu na ukweli, na nadhani atafurahi tukimkamilishia. Ufaransa kulikuwa na daktari wa meno aitwaye Georges Paulin aliyekuwa akichora magari. Aliibuni namna ya paa la chuma kuingia ndani ya buti lenye mfuniko wa bawaba za nyuma, wazo lile lile lililomo kwenye gari lako, na Peugeot wakaanza kuuza magari ya namna hiyo 1934 kwa jina la Éclipse. Yalitengenezwa machache. Paulin mwenyewe, wakati wa vita, aliwasaidia kwa siri Waingereza dhidi ya Wanazi, akakamatwa na kupigwa risasi 1942. Kila ninapoona paa la chuma likiingia kwenye buti, namkumbuka daktari huyo wa meno.

Ford walilifanyia kazi wazo hili kwanza kwa ajili ya gari lao la kifahari, Continental Mark II, likaonekana ghali mno, wakalihamishia kwenye Fairlane, aina ya Ford ambayo Skyliner ni mojawapo ya matoleo yake. Hivyo Skyliner ndilo la kwanza la paa la chuma linalojikunja kutengenezwa kwa wingi. Bei yake Marekani 1957 ilianzia dola 2,942. Mwaka huo yalitoka 20,766, uliofuata 14,713, na 1959 yakatoka 12,915, ndipo Ford wakaacha. Jumla 48,394. Ukitaka kuwa na hakika na mwaka wa lako, tazama taa za mbele: la 1957 lina moja kila upande, kuanzia 1958 ni mbili mbili. Jua mwaka kabla ya kuagiza kipuri chochote, maana vipo vinavyotofautiana. Marekani kuna chama cha wenye magari haya, International Ford Retractable Club, na vipuri vingi vya mtambo wa paa bado vinatengenezwa na kuuzwa huko. Michoro ya nyaya inapatikana pia. Tafuta mchoro kabla ya kipuri, uuchapishe mkubwa, uubandike ukutani.

Gari hili liko Tanga, na Tanga ina bahari. Huwezi kulitunza kama lingekuwa Korogwe. Kama unaweza, lisilale Raskazone wala mahali popote linapopigwa na upepo wa kusi moja kwa moja. Usilifunike kwa turubai la plastiki. Linatoa jasho chini yake na kutu inakula kimya kimya. Kitambaa cha pamba kinatosha, ndani ya banda lenye hewa. Likitoka ufukweni, lioshwe kwa maji baridi ya bomba, hasa chini. Kwenye buti kuna vitundu vya kutolea maji. Watu wa rangi huviziba kwa puti bila kujua. Mimina kikombe cha maji uone kama yanatoka. Yakikaa, nyaya zako zitaoga kila masika.

Na paa lenye maji lisiingizwe ndani ya buti. Siku ile ya harusi, hata kama paa lingekubali, yale manyunyu yangeingia nalo na kushukia kwenye mota na swichi. Futa paa kwanza, hata kama bibi harusi atasubiri dakika tano. Parafujo zifutwe mchanga kwa kitambaa na kupakwa grisi nyepesi kidogo tu. Grisi nyingi hushika vumbi na kugeuka msasa. Kisha lifungue na kulifunga paa mara moja kila wiki, lipo au halipo harusini. Mtambo huu huharibiwa na kulala kuliko kazi.

Umesema mnalipeleka kwenye harusi, kwa hiyo kuna jambo moja siwezi kuliacha ingawa hukuliuliza. Breki za gari hili ni za ngoma tairi zote nne, na pampu kuu ya breki ina njia moja tu. Bomba moja likipasuka, tairi zote nne zinakosa breki kwa pamoja. Ukarabati wa mjomba ulianza miaka mingi iliyopita; mipira ya breki na yale mabomba ya mpira yana umri wake. Kabla hujambeba bibi harusi mwingine, badilisha mipira yote, mabomba yote ya mpira, na mafuta ya breki. Usukani nao uko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, kwa hiyo dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori. Mwenye kuliendesha awe mtu mzima mwenye subira, na asipite gari lolote kwenye msafara.

Anza na betri na ethi Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa na mtu mmoja wa kukubonyezea swichi. Niandikie namba tatu: volti za betri ikiwa imetulia, volti za betri swichi ikiwa imebonyezwa, na zile za kwenye ganda la mota baada ya "tak". Nikizipata hizo nitakuambia boliti ya kufungua.